Bud Foster na Ulinzi wa Blacksburg

Msimu wa 1992 ulipomalizika, makocha wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Virginia Tech walikuwa wamekalia kuti kavu. Timu yao ilishinda mechi 2 tu, ikafungwa 8 na kutoka sare 1. Kocha mkuu, Frank Beamer, alikuwa ametimiza misimu 6, na hesabu yake haikumpa pa kujitetea: ushindi 24, vipigo 40, sare 2. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Dave Braine, aliamua kumbakiza, ila kwa sharti kwamba afanye mabadiliko katika benchi lake la ufundi. Baadhi ya wasaidizi wakafunga virago. Miongoni mwa waliosalia alikuwamo kijana wa miaka 33 aliyewafundisha wachezaji wa mstari wa pili wa ulinzi. Aliitwa Bud Foster, na mbele yake kulikuwa na misimu 27 zaidi ya kufundisha katika mji uleule wa milimani, Blacksburg, kwenye chuo kilekile, bila hata siku moja kuwa kocha mkuu.

Historia ya michezo huandikwa kwa majina ya wakubwa. Kocha mkuu ndiye anayebebwa mabegani timu ikitwaa kombe, na ndiye anayefukuzwa ikizama. Wasaidizi hupita kwenye kurasa hizo mara moja na kusahaulika. Maisha ya Foster yanastahili kusimuliwa kwa sababu yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuijenga sifa ya chuo kizima, na kuipa timu tabia yake, akiwa wa pili kwa cheo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa msomaji aliyezoea soka, mchezo wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Katika futiboli ya Kimarekani kila timu ni timu mbili. Kuna wachezaji 11 wanaoingia uwanjani kushambulia na wengine 11 wanaoingia kulinda, hawachanganyiki, wanapokezana. Wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Wakifaulu, wanapewa majaribio mengine 4. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Baada ya kila jaribio mchezo unasimama, na katika sekunde hizo chache mkuu wa ulinzi anapaswa kukisia: hawa watakimbia na mpira au watautupa? Watapita kati au pembeni? Anatuma ishara, wachezaji wake wanajipanga, mpira unaanza. Katika mechi moja hufanya uamuzi wa namna hiyo mara 60, 70 au zaidi. Kwa hiyo mkuu wa ulinzi ana timu yake ndani ya timu, ana vikao vyake, mbinu zake na vijana wake.

Foster alizaliwa mwaka 1959 katika jimbo la Kentucky na kukulia Nokomis, mji mdogo wa Illinois. Alicheza upande wa ulinzi katika chuo cha Murray State, huko huko Kentucky, na hapo ndipo alipokutana na Beamer, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa ulinzi. Mwaka 1981 Beamer alipandishwa kuwa kocha mkuu, na Foster, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kucheza, akaanza kazi chini yake kama kocha mwanafunzi. Walikuwa pamoja hadi mwisho wa 1986, Beamer alipoitwa kurudi Virginia Tech, chuo alichosoma mwenyewe. Alimchukua Foster. Chuo kilikuwa chini ya adhabu ya shirikisho la michezo ya vyuo, idadi ya wachezaji wanaoweza kupewa ufadhili ilikuwa imepunguzwa, na katika misimu miwili ya kwanza walishinda mechi 5 tu kwa jumla.

Mabadiliko ya baada ya 1992 ndiyo yaliyomfungulia Foster darasa jipya. Kutoka chuo cha Washington, kilichokuwa kimechukua ubingwa wa 1991 pamoja na Miami, alikuja kocha wa ulinzi aitwaye Phil Elmassian. Alikuja na imani kwamba ulinzi haupaswi kungoja kushambuliwa. Ulinzi nao uende mbele. Kwa kawaida wachezaji 7 ndio husimama karibu na mstari mpira unapoanza, na 4 hubaki nyuma kuziba pasi ndefu. Virginia Tech wakaanza kupanga 8 mbele. Wanne waliinama mstari wa kwanza, na wanne wengine, wepesi na wenye mbio, walisimama hatua chache nyuma yao. Wawili kati ya hao walipewa majina yaliyokuja kuwa maarufu mjini Blacksburg: rova na wipu. Hawa walikuwa nusu wazibaji wa njia, nusu wazuiaji wa pasi, na mpinzani hakuweza kujua mapema yupi atavamia na yupi atarudi nyuma.

Mpango huo una gharama. Ukipeleka watu 8 mbele, walinzi wa pembeni wanaachwa peke yao na wakimbiaji hodari wa upande wa pili. Kosa la mmoja ni pointi 6. Kwa hiyo unahitaji vijana wawili pembeni wasioogopa, na mbele unahitaji wavamizi wanaomfikia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, kabla hajapata nafasi ya kuangalia mbali. Foster aliusoma mpango huo kwa undani. Msimu wa 1993 timu ilishinda mechi 9 na kualikwa kwenye mchezo wa baada ya msimu, heshima wanayopewa waliofanya vizuri. Elmassian aliondoka baada ya 1994. Mwaka 1995 ulinzi ukakabidhiwa kwa watu wawili, Foster na Rod Sharpless.

Mwaka huo ndipo kilipoingia kisanduku kimoja. Kilikuwa kisanduku cha bati cha kubebea chakula cha mchana, cha aina waliyokuwa wakibeba wachimba makaa ya mawe, kikuukuu na kilichobonyea. Kilifika mikononi mwa makocha kupitia familia ya Sharpless, na Foster akakifanya nembo. Alitaka vijana wake wauchukulie uwanja kama kazi ya zamu: unaingia, unachapa kazi, unatoka, kesho unarudi. Ndani yake waliweka malengo ya ulinzi kwa msimu huo, na mchezaji aliyeonekana kustahili kwa bidii yake ndiye aliyepewa kukibeba. Virginia ya kusini-magharibi ni nchi ya milima, jirani na machimbo ya makaa ya West Virginia. Watu waliokuja uwanjani siku za Jumamosi walikijua kisanduku cha namna ile. Baba zao na babu zao walikibeba wakishuka shimoni.

Msimu wa 1995 ulianza vibaya, vipigo viwili mfululizo. Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Miami, timu ambayo Virginia Tech haikuwahi kuifunga tangu zianze kukutana. Safari hii ulinzi ulishika kweli, na mechi ikaisha 13-7. Kuanzia mechi hiyo walishinda 10 mfululizo, ya mwisho ikiwa usiku wa Desemba 31 mjini New Orleans, walipoipiga Texas 28-10 katika mchezo wa Sugar Bowl. Sharpless akaondoka, na tangu 1996 Foster akawa mkuu wa ulinzi peke yake.

Mwaka 1999 dunia ya futiboli ya vyuo ilimtazama sana Michael Vick, kwotabeki chipukizi wa Virginia Tech aliyekimbia kama swala. Lakini upande wa pili wa timu ile ulikuwa umekamilika vilevile. Ulinzi wa Foster uliruhusu pointi chache kuliko ulinzi mwingine wowote wa vyuo vikubwa vya Marekani. Corey Moore, aliyecheza ukingoni mwa mstari wa kwanza, alikuwa mdogo wa umbo kwa nafasi ile, lakini alifyatuka mpira ulipoanza kabla mpinzani hajanyoosha mikono. Alitwaa tuzo ya Lombardi na ile ya Nagurski, zote kubwa kwa walinzi. Mwezi Oktoba waliikandika Syracuse 62-0. Walimaliza msimu bila kupoteza mechi, na Januari 4, 2000 wakacheza fainali ya ubingwa wa taifa dhidi ya Florida State. Robo ya mwisho ilianza wakiongoza 29-28. Kisha Florida State wakapata pointi 18 bila kujibiwa, na ubingwa ukawaponyoka, 46-29. Virginia Tech hawajaukaribia tena namna ile.

Mtu mwingine angeutumia msimu ule kama ngazi. Jina lake lilikuwa limeshavuma, na kila msimu ulipoisha tetesi zilimtaja kwenye nafasi za vyuo vingine. Hakuhama. Alibaki, na kazi yake bora kuliko zote ilikuwa bado mbele. Mwaka 2004 Virginia Tech ilihamia ligi ya ACC na kuutwaa ubingwa wake mwaka huohuo. Katika msimu wa 2005 na ule wa 2006 ulinzi wake uliongoza nchi nzima kwa kuruhusu yadi chache. Mwaka 2006 wapinzani walisogea wastani wa yadi 219.5 tu kwa mechi, na wakapata wastani wa pointi 11 tu. Mwisho wa mwaka huo Foster alipewa tuzo ya Broyles, anayopewa kocha msaidizi bora wa futiboli ya vyuo Marekani.

Miezi michache baadaye, Aprili 16, 2007, mwanafunzi mmoja aliwapiga risasi na kuwaua watu 32, wanafunzi na walimu, ndani ya majengo mawili ya chuo hicho, kisha akajiua. Blacksburg ni mji wa chuo. Msiba wa chuo ni msiba wa kila nyumba. Timu ilipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza baada ya mauaji yale, Septemba 1, dhidi ya East Carolina, uwanja wa Lane ulifurika, na watu wengi walilia kabla mpira haujaanza. Msimu ule kile kisanduku cha bati kilibeba majina ya marehemu wote 32. Vijana wa Foster walicheza mbele ya watu waliohitaji kushika kitu, na walicheza kwa moyo wote. Mechi iliisha 17-7.

Wiki moja baadaye wakaenda Louisiana, na LSU, ambao mwisho wa msimu ndio walikuwa mabingwa wa taifa, wakawapiga 48-7. Kipigo cha namna ile kingeweza kuuvunja msimu, lakini hakikuuvunja. Mwezi Oktoba, nyumbani, Boston College ya kwotabeki Matt Ryan iliwageuzia kibao katika dakika za mwisho na kushinda 14-10. Walikutana tena Desemba 1 katika fainali ya ACC. Safari hii Ryan alikuwa tena anatafuta ushindi mwishoni, na Xavier Adibi, mmoja wa walinzi wa mstari wa pili waliofundishwa na Foster mwenyewe, akaidaka pasi yake na kukimbia nayo hadi mwisho wa uwanja. Ikawa 30-16, na kombe likarudi Blacksburg. Walilitwaa tena 2008 na 2010.

Ukitaka kuona akili ya Foster kwa ukaribu, tazama usiku wa Septemba 6, 2014, mjini Columbus. Virginia Tech haikuwa tena timu ya kutisha. Ohio State walikuwa na kikosi chenye vipaji kila kona, ila kwotabeki wao mkongwe, Braxton Miller, alikuwa ameumia, na nafasi yake ilishikwa na kijana J.T. Barrett, aliyekuwa anaanza mechi yake ya pili tu. Foster aliamua kumwekea kijana huyo mtihani ambao hajaufanyia mazoezi. Akauchukua mpangilio wa kizamani uitwao Dubu. Ndani yake, wachezaji watatu wa mstari wa kwanza wanasimama uso kwa uso na watatu wa katikati wa mpinzani, ili asipatikane hata mmoja wa kumsaidia mwenzake. Wengine wanasogezwa karibu na mstari mpaka njia za kukimbilia zinakwisha. Huko nyuma walinzi wa pembeni, akiwamo Kendall Fuller, waliachwa kila mtu na mtu wake.

Ulikuwa mpango wa kuthubutu, kwa sababu pasi moja nzuri ingeweza kuumaliza, na kweli Barrett alifanikisha chache ndefu. Lakini alitupa pasi 29 na 9 tu ndizo zilizodakwa na wenzake. Aliangushwa na mpira mkononi mara 7. Pasi zake 3 ziliangukia mikononi mwa wapinzani, na ya mwisho Donovan Riley aliidaka na kukimbia yadi 63 hadi kupata pointi. Matokeo yakawa 35-21. Ohio State hawakufungwa tena msimu ule; walishinda mechi zao zote zilizobaki na Januari 2015 wakawa mabingwa wa kwanza wa mfumo mpya wa mchujo. Timu pekee iliyowafunga ilikuwa ile ya Blacksburg, ambayo yenyewe ilihangaika mwaka mzima.

Na kuhangaika huko kulikuwa kwa ajabu. Novemba ya mwaka huohuo walikwenda kucheza na Wake Forest, na dakika 60 zikaisha 0-0. Ulinzi ulifanya kila kilichoombwa, washambuliaji wao hawakupata hata pointi moja katika muda huo, na katika muda wa nyongeza wakafungwa 6-3. Hayo ndiyo maisha ya mkuu wa ulinzi: anaweza kufanya kazi yake kwa ukamilifu na bado akalala amefungwa. Kinyume chake pia hutokea. Beamer alipostaafu mwishoni mwa 2015, mechi yake ya mwisho ilikuwa ushindi wa 55-52 dhidi ya Tulsa. Washambuliaji ndio waliomuaga mzee kwa furaha, na walinzi ndio waliomtia tumbo joto.

Kocha mpya alikuwa Justin Fuente, kutoka Memphis. Kwa desturi kocha mpya huja na watu wake, na wa zamani hupewa mkono wa kwaheri. Fuente alimbakiza Foster. Kwa mwalimu aliyekaa na bosi mmoja tangu 1981, huo ulikuwa mtihani wa unyenyekevu kwa pande zote mbili, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Desemba 2016, dhidi ya Arkansas, walikwenda mapumziko wamefungwa 24-0. Kipindi cha pili ulinzi haukuruhusu pointi hata moja, na mechi ikaisha 35-24.

Kisha ukaja mwaka 2018, mwaka mgumu kuliko yote katika kazi yake. Wachezaji wengi wenye uzoefu walikuwa wameondoka, wakiwamo ndugu wawili, Tremaine na Terrell Edmunds, waliochukuliwa na timu za kulipwa katika raundi moja, ile ya kwanza. Waliobaki walikuwa wachanga. Old Dominion, timu ndogo, ikawafunga 49-35. Novemba, Pittsburgh wakawakimbilia yadi 492 katika mechi moja na kushinda 52-22. Kwa ulinzi uliojengwa juu ya kuziba njia za wakimbiaji, hiyo ilikuwa fedheha.

Agosti 1, 2019, Foster, aliyekuwa ametimiza miaka 60, alitangaza kwamba msimu unaoanza ndio wa mwisho kwake. Mwezi Septemba Duke wakaja Blacksburg na kushinda 45-10, na ilielekea kana kwamba mzee angeondoka kwa majonzi. Vijana wale wale wachanga wa 2018 wakakataa. Walijifunza, wakakomaa, wakashinda. Novemba 16, mjini Atlanta, waliifunga Georgia Tech 45-0. Novemba 23 ikawa mechi ya mwisho ya Foster nyumbani, na wageni walikuwa Pittsburgh, walewale wa yadi 492. Mechi iliisha 28-0. Mechi mbili mfululizo, na wapinzani wote wawili hawakupata hata pointi. Wachezaji wengi waliofanya hivyo walikuwapo uwanjani mwaka uliotangulia Pittsburgh wakiwapita kama mlango wazi, na sidhani kama kuna ushahidi mkubwa zaidi wa kazi ya ualimu kuliko huo: vijana walewale, mwalimu yuleyule, mwaka mmoja tu katikati.

Mwisho kabisa haukuwa mtamu. Wiki iliyofuata Virginia, mahasimu wao wa jimbo, waliwafunga 39-30 na kuikata minyororo ya vipigo 15 mfululizo. Desemba 31, Kentucky, jimbo alikozaliwa Foster, wakawafunga 37-30 kwa pasi ya sekunde za mwisho. Hata hivyo mchezo ule ulikuwa wa 27 mfululizo wa baada ya msimu kwa Virginia Tech, tangu 1993, na Foster ndiye kocha pekee aliyekuwamo katika yote. Nafasi yake ilirithiwa na Justin Hamilton, aliyewahi kuichezea Virginia Tech enzi za Foster mwenyewe.

Beamer aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya vyuo mwaka 2018, kwa haki kabisa. Aliipa Virginia Tech ushindi 238. Foster hawezi kuingia. Sheria za ukumbi ule zinataka mtu awe amekuwa kocha mkuu kwa angalau miaka 10 na mechi 100. Tuzo zake, misimu yake 33 katika chuo kimoja, wachezaji aliowapeleka kwenye timu za kulipwa, kina Corey Moore, DeAngelo Hall, Kam Chancellor na ndugu wa ukoo wa Fuller, vyote havihesabiki mbele ya sheria hiyo.

Sheria hiyo ni mbovu na inafaa kubadilishwa. Inachukulia kwamba msaidizi ni mtu aliye njiani kuelekea kwenye cheo, na asiyefika ameshindwa. Foster hakushindwa. Alipata kazi anayoiweza, mahali anapopapenda, chini ya mtu anayemwamini, akaifanya kwa miaka 33, na vyuo kadhaa vikubwa vilivyobadilisha makocha wakuu kila baada ya misimu michache havikupata alichokipata Virginia Tech kwa kukaa na naibu mmoja. Anayeandika historia ya futiboli ya Blacksburg atalazimika kuandika majina mawili, na la pili si la kuwekwa kwenye tanbihi.